Bakteria anasomaje jeni ya mtu? Binti yangu kaniuliza, sina jibu

SindanoNne

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo wiki ya tatu sasa halinitoki kichwani, na naomba mnivumilie maana nitalieleza kwa urefu.

Nina kisukari cha aina ya kwanza. Kiligundulika nikiwa na miaka 11, leo nina 34. Najichoma sindano nne kwa siku, tatu kabla ya kula na moja ya kulalia. Miaka yote hiyo sikuwahi kusoma kile kijikaratasi kinachokaa ndani ya boksi la insulini, kile kilichokunjwa mara nane. Nikifungua boksi, natoa chupa, karatasi naitupa. Majuzi binti yangu wa miaka tisa akaiokota, akaikunjua, akaitandaza mezani na kuanza kunisomea kwa sauti. Akafika mahali ulimi ukagoma: Escherichia coli. Mstari wenyewe unasema hii ni insulini ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria huyo.

Akauliza, "Mama, bakteria amejuaje kutengeneza kitu cha mtu?" Nikamwambia wataalamu wamemwekea jeni ya mtu. Akafikiri kidogo. "Sawa, wamemwekea. Lakini amejuaje kuisoma?"

Nilinyamaza, na mpaka leo bado nimenyamaza.

Nimejaribu kutafuta. Kila ninachosoma kinasema jeni ilipandikizwa, bakteria akaanza kutoa insulini, kisha maelezo yanaendelea na mambo ya viwandani. Mimi ninaona ajabu yote iko kwenye ile koma ya katikati. Ukinifungia chumbani na kitabu cha lugha nisiyoijua, hata mwaka ukiisha sitakuwa nimeelewa sentensi moja. Bakteria hana damu, hana kongosho, hajawahi kuhitaji insulini tangu azaliwe. Maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya kongosho la mtu anayaelewaje?

Kazini kuna mtu alinijibu kwa sentensi moja: "Viumbe vyote vina babu mmoja." Akaendelea na shughuli zake. Sikulala vizuri siku ile. Kama ni kweli, nataka kujua watu wamejuaje. Kama si kweli, nataka kujua hivyo pia, kwa sababu maisha yangu yanategemea jambo hili mara nne kwa siku.

Pipeti

Dada SindanoNne, nimefanya kazi ya maabara miaka 16, na mingi kati ya hiyo nimekuwa nikiwalea hao hao E. coli. Binti yako ameshika penyewe. Kuiingiza jeni ndani ya bakteria ni ufundi, unafundishika kwa siku chache. Kwamba akiipata anaisoma, hilo hatukumfundisha sisi. Tulimkuta analijua.

Nianze na kusoma kwenyewe. Jeni imeandikwa kwa DNA, uzi mrefu ndani ya seli, na DNA ina herufi nne, A, T, G na C. Seli huzisoma tatu tatu, kila tatu ni neno moja. Ukipanga herufi nne katika maneno ya herufi tatu unapata maneno 64. Matatu kati ya hayo ni nukta, yanamwambia msomaji asimame. Yaliyobaki 61 kila moja linataja mojawapo ya asidi amino 20, na seli huziunga asidi hizo kama shanga kwenye uzi mpaka protini ikamilike. Insulini ni protini ndogo tu, shanga 51 katika nyuzi mbili, uzi mmoja wa 21 na mwingine wa 30. Mpangilio wake aliufichua Frederick Sanger, ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Sasa, neno TGG maana yake ni triptofani. Kwako ni triptofani, kwa E. coli ni triptofani, kwa kuvu, kwa mbu, kwa mwani, kwa nyangumi. Neno ATG ni methionini na pia ni alama ya kuanza. Kamusi ni moja. Ndiyo maana bakteria akikutana na maagizo ya kongosho lako hahitaji mkalimani. Haelewi kwamba ni insulini, wala haimhusu. Anasoma neno, anaweka shanga, anasoma neno linalofuata.

Mtu anaweza kusema labda kamusi ni moja kwa sababu haiwezekani kuwa nyingine, kama vile maji lazima yateremke. Hapa ndipo penye utamu. Kati ya neno na shanga yake kuna mbebaji, molekuli ndogo ya RNA, ndugu wa karibu wa DNA. Upande mmoja inatambua neno, upande wa pili imebeba shanga. Shanga gani ipandishwe kwenye mbebaji yupi, kuna kimeng'enya kinachoamua. Ukibadilisha mbebaji, neno linabadilika maana, na kemia haitagoma. Ni kama neno "maji". Katika sauti ya neno hilo hakuna unyevu wowote, ila sisi tumelirithi hivyo tunaelewana.

Na tunajua kamusi inaweza kubadilika kwa sababu mahali pachache imebadilika. Ndani ya seli zako kuna mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati, zina DNA yao ndogo, na humo neno TGA ambalo kwingine ni nukta linasomwa triptofani. Hilo liligunduliwa mwaka 1979. Kuna hamira za jamii ya Candida ambazo neno CTG kwao ni serini badala ya leusini. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge waliandika upya DNA yote ya E. coli wakaacha maneno 61 tu yakitumika kati ya 64, na bakteria akaishi. Kwa hiyo kamusi tofauti zinawezekana. Lakini hatujakutana na kiumbe mwenye kamusi nyingine kabisa. Tunachokutana nacho ni kamusi ileile yenye neno moja au mawili yaliyogeuka, jinsi lahaja za lugha moja zinavyotofautiana.

Nirekebishe jambo moja, kwa sababu maelezo ya haraka hulipotosha. Bakteria hawezi kusoma jeni yako ya insulini jinsi ilivyo ndani mwako. Jeni zetu zimekatwakatwa na vipande visivyo na maana kwa protini, vinaitwa introni, na seli zetu huvinyofoa kabla ya kusoma. Bakteria hana kifaa cha kunyofoa hivyo. Mwaka 1978, watafiti wa kituo cha tiba cha City of Hope na kampuni ya Genentech huko California waliitunga DNA ya insulini kwa kemia, kipande kwa kipande, bila introni. Uzi mfupi wakauweka kwa bakteria mmoja, uzi mrefu kwa mwingine, kisha wakaziunganisha nyuzi nje. Dawa iliruhusiwa mwaka 1982. Kwa hiyo bakteria na mtu wana msamiati mmoja, ila mtindo wa kuandika ulishaachana zamani sana.

MsomajiWaUsiku

Nimefuatilia kwa makini, na ninauliza kwa nia njema. Sioni kwa nini kamusi moja iwe ushahidi wa ukoo mmoja. Seremala mmoja akitengeneza kiti, meza na kabati, atatumia futi ileile, misumari ileile na gundi ileile. Meza haijawa ndugu ya kiti kwa sababu hiyo. Mimi ninaamini aliyeumba ni mmoja, na kwangu lugha moja ni saini yake.

La pili, kama tunatokana na bakteria, bakteria wa leo wanafanya nini hapa? Kwa nini hawakuendelea?

Pipeti

Kaka, hoja yako ya seremala ni nzito na haifai kupuuzwa. Kufanana peke yake hakuthibitishi nasaba, hapo nakubaliana nawe. Kinachothibitisha ni jinsi kufanana kulivyopangika, na hasa kufanana kwa makosa.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Hesabu kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi. Sita, saba na tisa zimetoka Kiarabu. Mtu akizitazama hizo tatu peke yake atasema Kiswahili ni mtoto wa Kiarabu. Lakini tazama "tatu": Kishona wana -tatu, Kizulu wana -thathu, Kikuyu wana ithatũ. Ongeza ngeli, ongeza viambishi vya vitenzi, ongeza "mtu" na "watu", na ukoo wa Kibantu unajitokeza wenyewe. Yapo maneno ya kuazima na yapo ya kurithi, na mwenye kujua lugha anayatenganisha.

Bakteria nao huazimana jeni, tena sana. Jeni za kuhimili dawa za antibiotiki husafiri kutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine asiye wa ukoo wake wa karibu. Kwa hiyo ukitaka kujua nasaba ya viumbe vyote unatafuta jeni ambayo haiazimwi kirahisi. Carl Woese wa Chuo Kikuu cha Illinois alichagua RNA ya ribosomu, mashine yenyewe inayosoma maneno na kuunga shanga. Kila seli inayo, na ukiichezea kiumbe anakufa. Alilinganisha herufi za RNA hiyo kiumbe kwa kiumbe kwa miaka. Mwaka 1977, yeye na George Fox wakatangaza jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta: kuna kundi la vijidudu vinavyoonekana kama bakteria chini ya darubini, ila kwa nasaba viko mbali na bakteria kama sisi tulivyo mbali nao. Leo tunaviita akea. Ungepanga kwa sura, kwa makazi au kwa kazi, usingewaona. Walionekana kwa sababu kuna mti wa ukoo wa kufuatwa.

Sasa makosa. Mwalimu akisahihisha mtihani na wanafunzi wawili wakaandika jibu sahihi lilelile, hana la kusema. Wakiandika kosa lilelile, kwa tahajia ileile mbovu, mstari uleule, anajua karatasi hizo zina asili moja. Ng'ombe anajitengenezea vitamini C ini mwake. Mbwa pia. Wewe huwezi, na usipoila unaugua kiseyeye. Unayo jeni inayohitajika kwa hatua ya mwisho ya kuitengeneza, inaitwa GULO, iko kwenye kromosomu yako ya nane (kromosomu ni furushi la DNA ndani ya seli), lakini ni gofu: sehemu zake zimepotea na zilizobaki hazisomeki. Sokwe ana gofu hilohilo. Nyani, tumbili, orangutani, wote. Lemuri na komba, waliojitenga na tawi letu kabla ya jeni kuharibika, bado wanajitengenezea vitamini C vizuri. Kuharibika kulitokea mara moja, kama miaka milioni 60 iliyopita, na kila mzao akarithi gofu.

Wapo pia simbilisi, wale wanyama wadogo wa maabara wasio na mkia. Nao hawawezi kutengeneza vitamini C na GULO yao imeharibika. Lakini imeharibika kivyake, vipande vilivyopotea si vilevile vyetu. Ndivyo unavyotarajia kwa mnyama wa ukoo wa panya ambaye hasara yake ilimpata peke yake. Seremala anaweza kutumia misumari ileile kwenye kiti na meza. Msumari uliovunjika, katika tundu lilelile, umepinda upande uleule, katika kiti, meza na kabati, na hakuna unachoshikilia? Hapo mimi ninaanza kuuliza viti hivi vilinakiliwa kutoka wapi.

Kuhusu imani yako, sina pipeti ya kupimia nani aliyeanzisha uhai, na wenzangu wengi maabara wanasali. Ninachoshuhudia mimi ni kwamba, vyovyote ulivyoanza, umetufikia kwa kurithishana.

La pili ni jepesi. Bakteria wa leo si babu zetu. Ni binamu. Binamu yako hakupaswa kutoweka eti kwa kuwa wewe ulizaliwa, na amezeeka miaka ileile uliyozeeka wewe. E. coli aliye tumboni mwako ana historia ndefu kama yako, tena kwa vizazi vingi mno kuliko vyako, kwa sababu akishiba anaweza kugawanyika kila dakika 20. Babu wa pamoja hayupo tena. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yanamweka kama miaka bilioni 4.2 iliyopita, na Dunia yenyewe ina miaka bilioni 4.54. Wala hakuwa kiumbe wa kwanza, wala hakuwa peke yake. Kulikuwa na wengine pembeni yake, ila koo zao zilikatika. Yeye ndiye aliyebakiza wajukuu.

MzeeWaChupaZaKioo

Wanangu, mimi nilianza kujichoma mwaka 1974 nikiwa na miaka 19. Sindano ilikuwa ya kioo, tunaichemsha, sindano ya chuma tunainoa ikiwa butu. Insulini ilikuwa ya ng'ombe, baadaye nikapewa ya nguruwe. Mapaja yangu yana mabonde mpaka leo, nyama iliyeyuka chini ya ngozi pale nilipokuwa nachoma. Wengi wa wakati wetu wana alama hizo. Ya binadamu niliipata mwaka 1986.

Daktari wangu wa zamani alinieleza mara moja kwamba insulini ya nguruwe na ya mtu zinapishana shanga moja tu kati ya 51, na ya ng'ombe tatu. Nilimwuliza kwa nini zinafanana kiasi hicho. Akacheka akasema tushukuru tu. Nilishukuru miaka kumi na miwili bila kuelewa ninashukuru nini. Leo ninasoma maelezo ya huyu kijana wa maabara nikiwa nimeshika paja.

Kuna kitu kimoja nataka vijana mkijue. Kabla ya mwaka 1922 mtoto mwenye ugonjwa wetu alikuwa anakonda mpaka anakufa, na wazazi wanatazama. Januari ya mwaka ule, huko Toronto, kijana wa miaka 14 anaitwa Leonard Thompson alichomwa dondoo la kongosho la ng'ombe. La kwanza halikumfaa, lilikuwa chafu. Wakalisafisha, wakarudia baada ya siku kumi na mbili, sukari ikashuka. Aliishi miaka kumi na mitatu mingine. Kongosho la ng'ombe, mwilini mwa mtu, likasikilizwa.

SindanoNne

Shikamoo Mzee. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Mimi nimelalamikia sindano za plastiki nyembamba kama unywele, na wewe ulikuwa unanoa.

Kaka Pipeti, asante. Hiyo ya mwalimu na mtihani nilimwambia binti yangu, akanielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Akaenda kusimama mbele ya kioo akafungua mdomo kutazama kama kiseyeye kimeanza.

Nina mawili. Kwanza, kumbe kamusi ni ya wote. Je, insulini yenyewe ni ya nani? Ni ya wanyama wenye damu tu? Pili, nina shaka kidogo na hadithi zinazoeleza vitu vikishajulikana tayari. Kuna mahali watu walisema mapema, "kama sisi ni ndugu basi tutakuta kitu fulani," wakaenda kutazama, na wangeweza kukosa?

MsomajiWaUsiku

Naunga mkono swali la pili. Hilo la makosa sikuwahi kulisikia na sitajifanya nina jibu la papo kwa papo. Ila nataka kuona mahali hoja hii ilipojiweka hatarini.

Pipeti

Marahaba hazinihusu, lakini Mzee ninakusalimu kwa heshima zote. Ujumbe wako nimeuchapisha nitaubandika juu ya benchi yangu.

Mahali hoja ilipojiweka hatarini. Mtu ana jozi 23 za kromosomu. Sokwe, gorila na orangutani wana jozi 24. Kama tuna babu mmoja nao, jozi nzima haiwezi kutoweka hivihivi, kiumbe angekufa kwa kukosa jeni zilizomo. Kwa hiyo lazima iwe kromosomu mbili za babu zilishikana zikawa moja kwetu. Na kama zilishikana, alama yake inajulikana mapema. Kila kromosomu ina kofia kwenye ncha zake, herufi TTAGGG zinazojirudia mara nyingi. Kofia haina kazi katikati ya kromosomu. Zikishikana ncha kwa ncha, katikati tutakuta kofia mbili zilizogongana vichwa, moja ikisomeka mbele na nyingine kinyumenyume. Mwaka 1991 kovu hilo lilionyeshwa herufi kwa herufi kwenye kromosomu yetu ya pili, na kwenye kromosomu hiyohiyo kuna mabaki ya kiuno cha ziada kilichozimwa, kiuno ni pale kromosomu inaposhikwa na kuvutwa seli ikigawanyika. Wangekuta kromosomu ya pili ni nyororo kote, hoja ingekuwa na tatizo kubwa kweli.

La pili ninalipenda kuliko yote. Mwaka 1987, Melanie Lee na Paul Nurse, London, walikuwa na hamira ambaye jeni yake ya kuongoza kugawanyika kwa seli, cdc2, ilikuwa imeharibika. Hamira huyo hawezi kugawanyika, anarefuka tu mpaka anakufa. Wakamnyunyizia vipande vya DNA ya binadamu bila mpangilio, maelfu kwa maelfu, kuona kama kuna kimoja kitakachomwokoa. Hebu fikiria walichokuwa wanakitegemea. Nasaba ya mtu na ya hamira ziliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Seli chache zikaanza kugawanyika. Ndani yake kulikuwa na jeni ya mtu ikifanya kazi ya jeni ya hamira iliyokufa. Tazama tofauti na insulini: E. coli anasoma insulini, lakini haina kazi kwake. Hamira huyu hakusoma tu, aliishi kwayo. Nurse alipata Nobel mwaka 2001 pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt.

Sasa insulini ni ya nani. Ya wanyama, dada, na ni ya zamani kuliko damu unayoifikiria. Nzi wa matunda wana protini za ukoo wa insulini, minyoo wadogo wa udongoni wanazo, na zinahusika na chakula na ukuaji kama kwetu. Lakini kuna mmoja lazima umjue wewe mwenyewe. Baharini kuna konokono mwindaji, Conus geographus. Anakula samaki, na konokono hawezi kumkimbiza samaki. Mwaka 2015 ilichapishwa kwamba katika sumu yake kuna insulini, na haifanani sana na insulini ya konokono wenzake, inafanana na ya samaki. Inaaminika huiachia majini karibu na samaki, sukari yao inaporomoka, wanalegea, wanaacha kuogelea, naye anawafunika taratibu kwa mdomo wake mpana. Silaha hiyo isingefanya kazi kama samaki na konokono wasingekuwa wamerithi ishara moja.

SindanoNne

Nimewahi kuwa huyo samaki.

Mwaka wa pili wa chuo nilijichoma ya jioni nikasinzia kabla ya kula. Nilizinduka sakafuni, jasho limelowesha nguo, mikono inatetemeka, nasikia mwenzangu wa chumbani ananiita kutoka mbali sana na sina nguvu ya kugeuza shingo. Miaka yote nimekuwa nikiuona ule udhaifu kama wangu peke yangu. Kuna samaki anaufahamu.

Nina la mwisho. Mwezi huu nimepewa chupa za kiwanda kingine. Tulikaa na binti yangu tukafungua kijikaratasi pamoja, safari hii mimi ndiye niliyesoma. Hakuna Escherichia coli. Wameandika Saccharomyces cerevisiae. Hiyo ni hamira, si ndiyo? Ni yule wa Nurse? Na kwa nini wengine watumie bakteria na wengine hamira, kama kamusi ni moja? Binti yangu anataka kujua hamira ni nani kwake.

Pipeti

Ndiyo, ni hamira, yule wa kuumulia unga. Wa Nurse ni mwingine, Schizosaccharomyces pombe, na wawili hao wenyewe kwa wenyewe waliachana mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita.

E. coli anaunga shanga zote sawasawa, lakini hajui kuzikunja. Ndani yake zinajazana kama madonge, na kiwandani inabidi kuyayeyusha na kuikunja insulini upya mpaka ishike umbo. Ana kamusi, lakini kiwanda cha kukunjia protini kama chetu hana. Hamira anacho. Ndani ya seli yake kuna vyumba vya utando ambamo protini hukunjwa, kuna vifuko vinavyoibeba kutoka chumba kimoja hadi kingine, na mwishoni kifuko kinaungana na utando wa nje wa seli na kuimwaga nje. Hamira wa insulini huikunja mwenyewe na kuitoa nje ya seli, kazi ya kiwanda ni kuikusanya na kuimalizia. Randy Schekman alizitafuta jeni za safari hiyo ya vifuko ndani ya hamira huyuhuyu wa kwenye kijikaratasi chako, na nyingi zimekutwa kwetu zikifanya kazi ileile. Alipata Nobel mwaka 2013. Seli za kongosho, zile ambazo kwako zilikufa ukiwa na miaka 11, zilikuwa zikitoa insulini kwa njia hiyo.

Mwambie binti yako hamira ni binamu wa mbali, ila ni wa karibu kuliko E. coli. Tena kuvu wote, uyoga na hamira, wako karibu na yeye kuliko walivyo karibu na mti wowote atakaouona. Akiuliza mti naye ni nani, mpe karatasi na kalamu aanze kuchora matawi, nami niko hapa jioni nyingi.